Mzee Dionisi Matimbwa na Balbina Wawili

Treni ilipoingia Ifakara Jumapili ya tarehe 27 Desemba 1998, mpwa wa marehemu alishuka na begi moja katika mji ambao hakuwahi kuukanyaga. Alikuwa ametoka mbali, kwa meli, kwa basi na mwisho kwa reli, na mkononi alikuwa na maneno machache tu ya kumwongoza: kwa Mzee Dionisi Matimbwa, Viwanja Sitini. Akamuuliza mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua karibu na stesheni. Mama yule akageuza kwanza vitumbua vyake, kisha akauliza, "Matimbwa yupi? Yule mwenye Balbina wawili?" Mpwa akajibu kwamba mjomba wake ni Mkatoliki, mwenye mke mmoja wa ndoa. "Ndiye huyohuyo," mama akasema, na akamwonyesha njia.

Wasifu huu unasomwa ili kila aliyekuja kumsindikiza marehemu, hata mgeni aliyefika leo, ajue Balbina hao ni nani, na Mzee Dionisi aliishi vipi nao wote wawili kwa amani.

Marehemu Dionisi Faustin Matimbwa alizaliwa Masagati, ng'ambo ya Mlimba, tarehe 9 Oktoba 1931, sikukuu ya Mtakatifu Dionisi, na ndiyo maana wazazi wake hawakuhangaika kutafuta jina. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Faustin Matimbwa na Mama Bernadetha, wote sasa ni marehemu. Baba yake alikuwa mkulima mwenye gobore, bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Mwaka 1939 alikutwa nayo bila karatasi, akawekwa ndani siku arobaini huko Mahenge. Siku ya kumi na mbili mama yake mzazi, Bibi Balbina, akafariki Masagati, akazikwa bila mwanawe kuwepo. Mzee Faustin alipotoka alirudishiwa bunduki pamoja na leseni, na tangu siku hiyo akaiita ile bunduki Balbina. Watu wakimuuliza sababu, hakuwaambia habari za msiba. Aliwaambia kwamba bunduki ile na mama yake wana tabia moja: husema neno moja, kisha inabidi usubiri sana kabla hawajasema la pili, lakini lile la kwanza lilikuwa limetosha.

Masomo yake marehemu aliyapata katika shule ya misheni, akamaliza darasa la nne mwaka 1946 badala ya 1944. Miaka miwili ilipotea shambani, kwa sababu mpunga ukianza kutoa masuke nguruwe hawakusubiri kengele ya shule, na baba alihitaji mtu wa kumshikia pembe ya baruti. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu ana mwandiko mzuri na anajua kukaa kimya. Marehemu aliitunza ripoti hiyo na kuionyesha mara nyingi, hasa kwa watoto wake walipoleta za kwao.

Mzee Faustin alifariki mwezi Machi 1955. Alimwachia mwanawe shamba, kikombe cha bati na ile bunduki, na kwenye bunduki aliweka sharti moja: isilale nyumbani hata siku moja bila karatasi. Hakueleza zaidi, wala haikuhitajika. Dionisi alikuwa na miaka minane siku bibi yake alipozikwa, na alikumbuka jinsi watu walivyochelewesha kaburi mpaka jioni wakitazama njia ya Mahenge. Wiki mbili baada ya kumzika baba, naye akashika njia hiyohiyo, gobore begani, kwenda kuihamishia kwa jina lake kabla muda haujaisha.

Huko ndiko kosa lilipotokea, kama ni kosa. Karani alikuwa na fomu mpya, na fomu ile ilikuwa na mstari ulioandikwa "Jina la bunduki". Serikali ilitaka kujua kiwanda kilichoitengeneza. Dionisi, aliyekuwa ametembea siku nne, aliona kwamba hatimaye serikali imeuliza jambo la maana. Akajibu, "Balbina." Karani hakuinua macho. Alikuwa ameshaandika majina mengi ya viwanda vya Ulaya asiyoweza kuyatamka, na hili angalau lilitamkika. Akaandika Balbina, akapiga muhuri.

Mwaka 1960, akiwa Ifakara kuuza mpunga, marehemu alikutana na binti wa Mzee Antoni Njahiti, aliyekuja na wazazi wake kutoka upande wa Mahenge. Binti huyo alikuwa amesoma kumzidi na alicheka kwa urahisi. Dionisi alipoambiwa kwamba anaitwa Balbina, akasema bila kufikiri, "Ninaye mwingine nyumbani." Ilimgharimu miezi saba. Mzee Njahiti alikataa kabisa posa ya mtu mwenye mke Masagati, na wajumbe wawili waliokwenda kueleza kwamba huyo mwingine ni bunduki walifukuzwa kwa kuleta mzaha kwenye jambo zito. Mwishowe Dionisi aliibeba bunduki yenyewe pamoja na leseni yake mpaka ukweni. Mzee Njahiti alisoma karatasi, akatazama mtutu, akasoma tena. Ndoa ilifungwa kanisani Ifakara Jumamosi tarehe 14 Oktoba 1961. Mama Balbina husema kwamba yeye ndiye mwanamke pekee bondeni humu ambaye mwenzake alimtangulia kuandikishwa serikalini.

Katika kazi, marehemu alikuwa mkulima maisha yake yote. Miaka ya ujenzi wa reli alifanya kibarua Mlimba, kuanzia 1972 hadi 1975, akibeba mataruma ya kulazia reli. Mwaka 1977 alihamia Viwanja Sitini na familia yake na kuanza kulima mpunga bondeni. Majirani wa wakati ule wanakumbuka kwamba alifika Ifakara siku tatu kabla ya kitanda chake, kwa sababu alitaka kwanza kuandikisha anwani mpya ya bunduki.

Kuhusu matumizi ya bunduki hiyo, ni vema ukweli usemwe hapa mbele ya watu. Marehemu aliua nguruwe kumi na mmoja katika miaka arobaini na tatu. Viboko hakuua hata mmoja. Walipopanda kutoka mtoni kuingia mpunga, aliwapigia hewani mara moja, na wakati moshi ukiwa bado umetanda, aliwasomesha kwa Kindamba, akiwaambia mipaka ya shamba lake na jina la mwenye shamba. Waliondoka. Haijulikani kama ni kwa mlio au kwa maneno. Aliipenda bunduki ile kuliko silaha nyingine zote alizowahi kuziona, na alizishika nyingi, kwa kuwa wenye bunduki walimletea awatazamie.

Rafiki yake mkubwa katika mabishano ya bunduki alikuwa Mzee Ndaki, mfugaji aliyeingia bondeni na ng'ombe wake mwaka 1986 kutoka Usukumani, mwenye shotigani ya mitutu miwili. Walikutana karibu kila Jumamosi kwenye benchi la mashine ya kukoboa. Ndaki aliliita gobore jiko la kuni. Alisema kwamba mwenzake akishafyatua hukaa ndani ya moshi kama samaki wa kukaushwa, na nguruwe hurudi kumwangalia kama yu mzima. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu, "Hiyo yako inasema mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haikueleweka." Mzee Ndaki yupo hapa leo, na ameomba isomwe kwamba hajakubali.

Miaka ya tisini ilileta sheria mpya ya silaha, na wenye magobore wengi walipata wasiwasi. Ilisemekana kwamba bunduki zisizo na namba ya kiwanda zitachukuliwa. Wengine walizificha darini. Wapo waliozifukia na baadaye hawakukumbuka wapi. Marehemu alisubiri barua, na barua ikaja mwezi Mei 1993. Karani aliyeiandaa alikuwa mtu makini sana katika Kiswahili. Alipoona kwenye daftari jina la Balbina, hakuthubutu kuandika "iletwe". Barua ilisomeka hivi, na Paroko atusamehe, kwa kuwa ni waraka wa serikali:

"Unaagizwa kumleta Balbina ofisini tarehe 19 Mei 1993, saa mbili asubuhi, akiwa safi na mtupu, ili akaguliwe na apigwe namba kitakoni. Asipoletwa atachukuliwa na kuteketezwa."

Aliyeisoma kwa sauti alikuwa Mama Balbina, kwani marehemu hakuwa na miwani. Watoto walitazama chini. Mama akaikunja barua, akauliza tarehe 19 ni siku gani. Akaambiwa ni Jumatano. Akasema vizuri, Jumatano hana kazi.

Siku hiyo alivaa gauni lake la Pasaka, akatangulia. Marehemu alimfuata hatua kumi nyuma, bunduki imeviringishwa kwenye gunia. Ofisini walimkuta afisa mpya wa vibali, Bwana Seni, kijana wa Kisukuma ambaye hakuwa amemaliza hata wiki tatu Ifakara. Benchi lilijaa watu na bunduki zao. Bwana Seni alimwamkia mama na kumuuliza shida yake.

"Marahaba, mwanangu," Mama Balbina akasema, akaweka barua mezani. "Mimi ndiye Balbina. Nimekuja nikiwa safi. Hilo lingine halitawezekana."

Bwana Seni alisoma barua mara mbili. Watu wa benchi wanasimulia kwamba alivua kofia, akaivaa tena, akatoka nje, na akaonekana dirishani akiwa ameegemea ukuta, mabega yakitikisika. Aliporudi alikuwa ameshajifuta machozi, na aliomba radhi kwa niaba ya ofisi.

Lakini kicheko kilipoisha, likabaki jambo zito, na marehemu alilijua. Bunduki iliyokuwa ndani ya gunia haikuwa na namba wala alama yoyote. Daftari lilikuwa na jina Balbina. Mbele ya afisa alisimama mwanamke mwenye jina hilohilo, mke wa mwombaji. Bwana Seni alieleza kwa upole kwamba mtu yeyote angeweza kusema jina lile liliandikwa kwa bahati mbaya mahali pa mke, na kwamba gobore hili ni jingine, lililookotwa popote. Kama hakuna ushahidi, sheria inamtaka alichukue. Marehemu hakubishana. Alimtazama mkewe. Mama Balbina akafungua mkoba wake, akatoa kopo la maziwa ya unga, na ndani yake leseni zote, moja kwa kila mwaka, kuanzia 1955 mpaka 1993, thelathini na tisa, hakuna mwaka ulioruka. Juu yake akaweka cheti cha ndoa cha 1961.

Bwana Seni alizipanga mezani kwa mpangilio wa miaka, zikajaa meza, zikaendelea kwenye kiti. Ilimchukua asubuhi nzima. Leseni ya 1967 ilikuwa imeandikwa "Bi. Balbina", na hapo ilibidi apumzike kidogo tena. Alipofika mwisho alisema kwamba bunduki hii iliandikishwa miaka sita kabla ya ndoa, kwa hiyo haiwezi kuwa mke. Mama Balbina alimshukuru kwa hukumu hiyo. Bunduki ikagongwa namba kwenye kitako, na marehemu akairudisha nyumbani ikiwa halali. Njiani, anasema mama, walipofika sokoni mumewe alisimama, akamshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kumwambia kwamba siku ile amemwondolea baba yake zile siku arobaini.

Tangu hapo Bwana Seni alikuwa mtu wa nyumbani. Kila Desemba marehemu alikwenda kuhuisha leseni yake, tena mapema, na walimaliza kazi kwa chai.

Mwezi Agosti 1998 moyo wa marehemu ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na tarehe 12 Desemba alilazwa hospitali hapa Ifakara. Alihudumiwa vizuri, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi. Mpwa wake alipofika wodini jioni ya tarehe 27, alitarajia kuulizwa habari za safari. Marehemu alimuuliza leo ni tarehe ngapi. Leseni ilikuwa inaisha tarehe 31, na bunduki ilikuwa nyumbani. Mpwa akamtuliza kwamba hakuna mtu atakayemdai mgonjwa karatasi.

"Mjomba, wewe umetembea nchi nyingi," marehemu akamwambia. "Niambie moja tu ambayo tarehe thelathini na moja inamsubiri mgonjwa."

Mama Balbina alikwenda ofisini Jumanne. Bwana Seni alimweleza kwamba mwenye silaha lazima afike mwenyewe, kisha akasema kwamba daftari lina miguu. Jumatano tarehe 30 alikuja wodini na daftari lake na fomu za aina mbili. Kanuni ilitaka mwenye bunduki aonekane anaweza kuiinua na kuitunza. Marehemu alijaribu kuketi akashindwa. Alijaribu kunyanyua mikono, nayo ikafika usawa wa kifua na kurudi. Bwana Seni alitazama pembeni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba, kwa heshima ya miaka yote hiyo, yeye anaweza kuandika kwamba amemkuta mzee amesimama.

"Usiandike ambacho hukukiona, baba," marehemu akamwambia. "Nipe ile nyingine."

Fomu nyingine ilikuwa ya kurejesha silaha. Mwanawe wa kwanza, Faustin, aliyekuwa pale, aliulizwa kama angependa kuiomba kwa jina lake, akajibu kwa ukweli kwamba yeye viboko huwafukuza kwa kupiga debe. Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja. Mama Balbina alikuwa ameileta bunduki kutoka nyumbani, ameipaka mafuta na kuifunga kwa khanga, na ilikuwa imebaki nje na askari, kwa kuwa wodini haziruhusiwi. Alimwambia mumewe kwamba sasa atabaki peke yake. Marehemu akamjibu, "Ulikuwa peke yako tangu zamani. Yule alikuwa wa baba."

Kisha wakajaza fomu, mstari kwa mstari. Jina, umri, makazi, namba. Walipofika kwenye "Sababu ya kurejesha silaha", Bwana Seni alisita, kalamu hewani, asijue aandike nini mbele ya mgonjwa.

"Andika: mwenye silaha anasafiri," marehemu akasema.

Bwana Seni akaandika. Kisha, labda kwa mazoea ya kazi, akauliza, "Kwenda wapi, mzee?"

"Fomu imeuliza?"

Bwana Seni akaiangalia fomu. Haikuuliza.

"Basi," marehemu akasema, akaweka sahihi kwa ule mwandiko wake mzuri, siku moja kabla ya muda kuisha.

Mwaka mpya aliupokea akiwa hana bunduki kwa mara ya kwanza tangu 1955. Alipoulizwa anajisikiaje, alisema mikono yake imepewa likizo. Siku zilizofuata alikula uji vizuri, alimpokea Mzee Ndaki na kumshinda tena katika mabishano, na alipokea Sakramenti ya Wagonjwa. Alfajiri ya Jumanne tarehe 5 Januari 1999 aliomba dirisha lifunguliwe, akasikiliza mvua kidogo, akalala. Hakuamka.

Marehemu ameacha mjane, Mama Balbina Njahiti Matimbwa. Watoto wanne, Faustin, Levina, Beatus na Luciana. Wajukuu kumi na mmoja, wa mwisho wao Careen, mwenye miezi mitano. Dada yake Konsolata, mama wa mpwa aliyeandika haya. Rafiki yake Ndaki, ambaye familia inamhesabu kuwa ndugu. Na shamba la mpunga ambalo mwaka huu limeota vizuri.

Yeye anaondoka leo, Ijumaa tarehe 8 Januari, karatasi zake zote zikiwa kamili. Sisi tunabaki. Mungu ampokee mtumishi wake Dionisi na ampe amani yake isiyokwisha muda. Amina.